Ubeti Aliokwenda Nao Bibi wa Sharpstown

Simu ilinikuta barabarani, nikitoka kazini kurudi nyumbani Katy, nje ya jiji la Houston. Jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Sharpstown alikuwa analia tu, nikajua. Yule bibi Mhispania, mwimbaji wa nyimbo za asili na mwigizaji, amefariki. Jamani! Niliegesha gari kituo cha mafuta nikalia kama mtoto.

Wasomaji wangu, ujanani bibi huyu aliimba kwenye sherehe za mavuno kijijini kwao, watu wa sinema wakamwona, wakawa wanampa nafasi ya bibi harusi anayeimba, filamu baada ya filamu. Mvi zilipoingia hakuna aliyemtafuta tena. Akamfuata mumewe Houston, mume akafa, akabaki peke yake ghorofa ya chini yetu, akiwapikia watoto wa Wakongo, Wakenya na sisi Watanzania wali wa zafarani.

Wimbo mmoja hakuwahi kuwapa watu wa sinema, wala hakuturuhusu kuurekodi: wimbo wa mavuno wa mama yake. Kwao, alisema, unafundishwa ana kwa ana, mkiwa mnachambua maharage pamoja, na hupewi ubeti mpya mpaka ule uliotangulia umekukaa kichwani. Binti yangu, ambaye kila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, alikuwa jikoni kwake kila Jumamosi, akichambua na kuimba. "Huyu ndiye," bibi aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nikifa, wimbo iko kwake."

Kisha tukahamia Katy. Nyumba mpya, zamu za ziada, foleni zisizokwisha. Tukawa tunasema, Jumamosi ijayo, Jumamosi ijayo. Ndivyo tunavyoishi huku: tunanunua vyumba vingi, na aliyetulelea watoto tunamjulia hali kwa simu. Inaniuma.

Mazikoni tulikuwa wachache, na hakuna aliyejua hata sala moja ya lugha yake. Binti yangu akasogea kaburini, akaimba. Sauti ilikuwa ya bibi kabisa, jirani akajishika kichwa. Halafu akanyamaza katikati. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili: "Mama, mwisho sina. Aliniambia nikirudi ndiyo atanipa."

Nimeulizia mpaka kijijini kwao, hakuna anayeujua. Wewe mwenye mzee anayekungoja jikoni, nakusihi, geuza gari sasa hivi.