Nilivyojikosesha Nyumba ya Makutano

Wasomaji, nimejijenga bila kumaliza shule ya msingi, lakini juzi nilitamani ardhi inimeze.

Ofisi ya mradi wa nyumba za Makutano ilinituma, mimi mwenyekiti wa waombaji, niarifu sacco inayotukopesha kwamba masharti yamebadilika: mwenye nyumba popote hasaidiwi tena kununua nyingine. Nikaenda na mke wangu anisikize nikihutubia.

Kama kawaida, nilianza kwa kujitambulisha. “Zile nyumba tatu za Majimbo, Embu, ni zangu. Nilizijenga kwa pesa za ndizi za Mitunguu.” Kisha nikatangaza sharti jipya kwa sauti kubwa.

Meneja wa sacco akavua miwani. “Asante, mzee. Sasa ombi lako mwenyewe niliondoe?”

Mke wangu, aliyekuwa ameshanunua mapazia ya nyumba tuliyoomba, akajibu, “Liondoe tu, madam. Si ameshajieleza?”