Mbwa wa Flavia na batamaji aliyekufa

GUANGZHOU. Saa tatu asubuhi, kwenye karakana moja wilayani Haizhu, Flavia Kokugonza anachovya brashi katika rangi nyeupe na kuirudia shingo ya batamaji aliyelazwa mezani. Juu yake ananing'inia sungura, kafungwa mguu mmoja. Pembeni mbwa ananusa. Ni mbwa peke yake aliye hai.

Hii ni nakala ya pili ya picha ya kale ya Ulaya, ya rangi za mafuta, iliyoagizwa na hoteli moja ya Zanzibar. Ya kwanza ilimtoa machozi.

"Wazungu wa zamani waliweka kifo sebuleni, wakumbuke kwamba karamu ina mwisho," anasema Flavia (43), aliyekuwa mwalimu wa sanaa Bukoba. Alikuja kununua vitambaa katika soko la Zhongda. Biashara ilipoyumba, akarudia brashi.

Wachoraji wenzake ni Wachina. Wanamheshimu, lakini mazungumzo yao huishia kwenye salamu na chakula.

Akiwa katikati ya nakala ile ya kwanza, mama yake alifariki dunia. Nauli hakuwa nayo. Maziko aliyatazama kwenye simu, nayo ikakatika kabla jeneza halijateremshwa.

"Nilirudi kwenye kiti changu nikaendelea na manyoya. Ningemwambia nani?"

Kazi ilipokamilika, bosi, ambaye wote humwita laoban, aliilinganisha na picha ya asili, akatikisa kichwa. "Bu yao," alisema, yaani hataki. Mbwa wa asili ananusa nyama. Wa Flavia alikuwa anamtazama batamaji usoni.

Swalha Msabaha, mfanyabiashara wa Unguja aliyefuata mzigo wa hoteli ile, alisimama mbele ya picha muda mrefu.

"Dada Flavia, huyu mbwa anangoja nini?"

"Anangoja aamke. Hajaambiwa."

Swalha akamgeukia. "Umefiwa na nani, mwenzangu?"

Hapo ndipo Flavia alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Swalha alivuta kiti, akamshika mkono, wakakaa hivyo hadi wachoraji wengine walipokwenda kula.

Mbwa ilibidi achorwe upya. Hoteli ilitaka nakala, na Flavia hakubisha. Picha ikaenda bandari ya Nansha.

Jumapili iliyofuata Swalha alirudi na Watanzania wengine, Waislamu kwa Wakristo, wakamfanyia matanga chumbani kwake. Waliokosa viti walikaa sakafuni.

Desemba anapanga kwenda Bukoba.

"Nitakaa kaburini kwa mama mpaka nichoke," anasema. "Halafu nimchore akiwa hai, anamenya ndizi."