Msumari wa Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anapiga pasi kwa dobi mkubwa. Ukutani, karibu na mlango, pana misumari. Kila aliyeajiriwa kwa kudumu ana wake, hutundika mkoba na nguo za kubadilisha. Vibarua huweka vyao chini ya meza, maji yanapochuruzika. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini mwenye msumari haambiwi asubuhi, "Leo kazi hakuna, rudi nyumbani."

Mkoba wa wifi ulikaa chini ya meza miaka na miaka. Msumari ukibaki wazi, ulikwenda mara kwa mpwa wa bosi, mara kwa shemeji yake. Mimi nikimwombea, yeye ananitania: "Wifi, mwambie Mungu aje na nyundo."

Juzi bosi akamwita.

"Mama, toa mkoba wako huko chini. Tundika pale."

Alionyesha msumari wa Bibi Mvuke, mkongwe wa mle ndani, ndiye aliyemfundisha wifi kunyoosha kola.

"Na yeye je?"

"Miguu imemvimba, kusimama hawezi tena. Akija nitamwambia."

Wifi akabaki na mkoba mkononi. Akawafikiria watoto, na zile alfajiri za kutoka bila kujua kama kazi ipo. Akatundika.

Bosi ndiyo kwanza amerudi ofisini, Bibi Mvuke huyo anaingia, anaburuta kandambili. Akautazama ukuta.

"Mkoba wa nani huu?"

"Wangu, bibi. Nisamehe."

Bibi akaelewa bila kuambiwa. Akaketi taratibu juu ya tenga la mashuka.

"Afadhali wewe kuliko wale wapwa zake, kola na pindo kwao ni mamoja. Ila huo msumari unacheza, mwanangu. Ugonge, usije ukakumwagia chakula."

Wifi akachukua pasi mbovu, akagonga. Plasta ikadondoka. Msumari bado unacheza.

Jioni akapitia kwangu, akavua viatu mlangoni.

"Wifi, nimepata."

"Msumari? Mungu mkubwa!"

"Mkubwa, ndiyo. Niletee maji nitie miguu."

Nikaleta beseni, nikapiga magoti.

"Leo mimi niache," akasema. "Mwombee Bibi Mvuke."

Nikamwombea, huku namsugua wifi vifundo vyake, navyo vimeanza kujaa.