Kucha Nilizokata Ili Niimbe

Wapendwa, mnaonifahamu mnajua mimi si mtu wa kunong'ona. Kabla ya kuugua niliongoza nyimbo katika kwaya yetu, na siku za kazi nilisuka nywele saluni kule mtaa wa Point. Nilikuwa na kucha za bandia, ndefu, nyekundu. Wateja walizisifu kabla hata ya kukaa kitini, nami nilijidai nazo.

Mwaka 2011 kifua kilianza kubana. Kila nikimpaka mtu dawa ya kulainisha nywele, pua iliziba, makohozi mazito yakapanda, mbavu zikauma kwa kukohoa. Jumapili moja wimbo ulinikatikia katikati. Hewa iliingia kidogo, na kutoka ikakataa. Kwaya ikamalizia bila mimi.

Daktari alinipima akasema, "Ni pumu. Hii pampu ya dawa utavuta kila siku, hata ukijisikia vizuri."

Nilivuta. Usingizi ukarudi, lakini sauti ilikuwa bado inakatika. Mwalimu wetu wa kwaya, Papa Josué, akaniambia kwa upole, "Maman, pumzika kwanza. Wimbo iko tu, haitakimbia." Maneno hayo yaliniuma kuliko kikohozi. Niliogopa kwamba sitaimba tena.

Kisha Madamu Lin, Mchina anayetuuzia nywele duka la jirani, akanikuta nimeinama mlangoni kwake nikihema. Nilivuta pampu, akaniketisha hadi nikatulia. Ndipo akanionyesha masaji aliyofundishwa na mama yake. Aliweka vidole pembeni mwa pua yangu, akabonyeza akizungusha taratibu. Akashuka kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga, upande wa bega. Mwisho akabana ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Fanya mwenyewe, huku ukitoa pumzi polepole," akasema.

Nilipojaribu, kucha zikanichana puani hadi damu. Akaitazama mikono yangu. "Hizi, au kuimba. Chagua."

Nilinuna mchana kutwa. Jioni nikampa mume wangu mkasi. "Kata kabla sijabadili mawazo."

"Eish, Mama Neema," akasema, "sasa naamini ulikuwa mgonjwa."

Daktari hakukataza: "Masaji fanya, pampu usiache." Basi kila asubuhi nilivuta pampu, nikabonyeza, nikapumua. Saluni tukaanza kufungua madirisha. Polepole pua ikafunguka, makohozi yakalegea, nikajifunza kuitoa pumzi bila kuipigania.

Siku ya Pasaka Papa Josué alinirudishia wimbo wangu. Niliuimba wote. Ile sauti ya mwisho niliishikilia hadi mpiga ngoma akageuka kunitazama, na mimi sikuwa nimemaliza.

Namshukuru Mungu, daktari, na Madamu Lin. Wewe unayebanwa kifua, nenda hospitali kwanza, na dawa usiitupe. Mjamzito, muulize daktari kabla ya kubonyeza pale mkononi. Lakini usikubali kunyamazishwa, ukazikwa ukiwa hai.

Wateja bado wananiuliza kucha zimekwenda wapi. Nawaambia, njooni kanisani Jumapili, mtazisikia.