Kichuguu cha Mpakani

Nimezaliwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo maji yana haraka. Yanashuka, yanapiga kelele, yanapita, na kesho yake unafagia uwanja. Kwa hiyo nilipoolewa Michenga na kupelekwa shambani kwa mara ya kwanza, nilishangaa kuona nchi isiyo na juu wala chini. Mpunga huku, mpunga kule, matete kwa mbali, wala hakuna ua, hakuna barabara, hakuna hata jiwe. Nikamuuliza mume wangu anajuaje shamba letu linaishia wapi.

"Unakiona kile kichuguu?" akasema. "Pale ndipo mwisho."

Kichuguu chenyewe kilikuwa kipana kuliko jiko letu la nyumbani, kimepita kichwa cha mtu mrefu, na ubavuni kilikuwa na mti mmoja uliopinda. Nilipotazama vizuri niliona vipo vingine, mbali mbali, hadi macho yanapochoka. Huku bondeni watu wanaelekezana kwa vichuguu: pita kile chenye mti, kata kushoto kwenye kile kilichobomoka. Nikauliza swali nililoliona la kawaida kabisa. Kichuguu kinaanzaje? Mchwa wanajuaje wajenge hapa na si pale, wakati kote ni tambarare na kote panafunikwa na maji?

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea jembe. "Kinaanza tu. Kwani wewe umekuja kuolewa au kufanya sensa?"

Mimi ni mtu wa kuuliza, sijifichi. Nikikosa jibu kwa mtu, nalitafuta mwenyewe. Nikawa napanda juu ya kichuguu kile kila nikipata nafasi, na kutoka kule juu ndipo bonde lilipoanza kunieleweka. Niliona kwamba tambarare ile si tambarare. Sehemu zilizoinuka kidogo, ambazo ukiwa chini huzioni, watu walipanda mahindi. Kwenye mabonde madogo yanayokaa na maji walipanda mpunga mrefu, ule unaorefuka kadiri maji yanavyopanda. Mbele zaidi palikuwa na nyasi za ng'ombe, na mwisho kabisa mto, ambao haukuonekana ila kwa mstari wa miti.

Upande wetu wa kichuguu nilipanda maboga na bamia, zikastawi mpaka nikaona aibu kuringa. Upande wa pili ulikuwa wa jirani zetu, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kabla mimi sijaolewa. Mama wa nyumba ile alinizidi umri kidogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na mazungumzo yetu yakaanzia hapo. Yeye alipanda viazi vitamu. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka kwenye matundu kwa wingi, nasi tuliwakinga kwa mabeseni, kila mmoja upande wake, kisha tukawakaanga pamoja kwa chumvi.

Waume zetu hawakuwa hivyo. Mwaka mmoja ng'ombe waliingia kwenye mpunga wetu, ikaitwa baraza, yakasemwa maneno yasiyofaa, na tangu hapo salamu zao zilikuwa kukohoa. Huyu akipita anakohoa, yule naye anajibu kwa kukohoa.

Thamani halisi ya kichuguu niliijua kwenye mafuriko yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa amekwenda Ifakara, nami nilibaki shambani kuamia ndege wasile mpunga, nikiwa na mtoto mchanga. Maji ya huku hayapigi kelele. Asubuhi niliona ardhi imelowa bila mvua kunyesha, na mchana yakawa magotini. Tulikuwa na dungu, kile kichanja cha miti tunachokaa juu yake wakati wa kulinda mpunga. Lakini dungu linakuweka mkavu tu, huwezi kuwasha moto juu yake. Yule mama alinipigia kelele kutoka upande wake: "Njoo huku na mtoto! Lete na kuku!"

Tulikaa juu ya kichuguu mpaka mtumbwi ulipokuja kutuchukua, moto unawaka, viazi vinachemka. Hatukuwa peke yetu. Palikuwa na panya, vyura, na nyoka mmoja mweusi aliyejikunja kwenye mizizi ya mti, akitutazama nasi tukimtazama. Niliogopa sana. Lakini nyoka hakutaka ugomvi, alitaka pakavu kama sisi.

Kisha kijiji kikaanza kupima mashamba ili watu wapate hati. Ilikuja kamati, pamoja na kijana mwenye kipimo cha kushika mkononi. Mpango wao ulikuwa mzuri, nami niliufuatilia kwa hamu: eneo la kilimo, eneo la malisho, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, na sehemu ya kuachwa kando ya mto. Wakafika mpakani kwetu.

"Kichuguu hiki cha nani?" kijana akauliza.

"Changu," wakajibu wanaume wote wawili kwa mpigo. Lilikuwa neno la kwanza kusema pamoja tangu ile baraza.

"Cha mchwa," yule mama akasema, na kamati ikacheka.

Nilijua kwa nini kila mmoja anakitaka. Mume wangu alitaka kukisawazisha apande mpunga na kutawanya ule udongo wenye rutuba. Mwenzake alitaka kufyatua tofali. Yeyote atakayekipata, kichuguu kimekwisha, na mafuriko yakija sijui mimi na mwenzangu tutapanda wapi. Nikaomba kiandikwe cha wote. Kijana alinisikiliza kwa adabu, ila mpango wake haukuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Akapitisha mstari juu kabisa, katikati. Nusu yetu, nusu yao.

Mume wangu hakuchelewa. Trekta lilikuja kulima, likapewa na kazi ya kukata nusu yetu. Nilikasirika, nikamnunia, lakini siwezi kudanganya kwamba sikwenda kutazama. Kwa miaka yote nilitaka kujua ndani kuna nini. Kulikuwa na njia na vyumba, na katika vyumba vitu vyeupe laini kama sifongo, aina ya uyoga ambao mchwa hulima wenyewe na kula. Kumbe nao walikuwa wakulima. Kuku wetu waliwala mchwa mpaka wakashindwa kutembea. Nilipoona vile, hamu ya kujua ikaniisha, ikabaki huruma.

Kule upande wa pili, jirani alimwambia mke wake kwamba anataka kuanza tofali. Mke akamjibu angoje avune viazi. Akavuna, na kabla mume hajashika koleo, akapanda vingine. Ikawa hivyo kila msimu. Alinisimulia huku anacheka mpaka anafuta machozi.

Kisha msimu mmoja maji yalikuja mchana, mimi na mume wangu tukiwa shambani. Safari hii yalikuwa na nguvu, dungu likaanza kuyumba. Mtoto tulikuwa tumemwacha kwa bibi yake, nikashukuru Mungu. Mume wangu alijitwika tenga la kuku, mimi nikashika unga na viberiti, tukaenda kwenye kichuguu. Nusu yetu ilikuwa imesawazishwa vizuri sana, na maji yalikuwa yamesimama juu yake vizuri sana. Nusu ya pili ilikuwa na moto, na jirani zetu wamekaa kando yake.

Mume wangu alifika palipokuwa na mstari akasimama. Maji yalikuwa mapajani, kuku wanapiga kelele kichwani pake, na mbele yake ukuta wa udongo alioukatisha mwenyewe. Akakohoa. Kule juu hakuna aliyejibu kikohozi.

"Hodi," akasema.

"Karibuni," yule bwana akajibu. "Msipite pale kwenye mti, pana nyoka."

Tulizunguka ukuta, tukapanda na kukaa juu ya matuta ya viazi, karibu na maji, magoti yamegusana. Mwenzangu akasogeza sufuria, nikamimina unga. Wanaume walikuwa wanatazama ule ukuta uliokatwa na trekta, jinsi maji yalivyokuwa yakiumega kidogo kidogo.

"Hivi jirani," mume wangu akauliza taratibu, "kichuguu kinaanzaje?"

Nilitamani kucheka, sikuweza.

Yule bwana alifikiri. "Sijui. Mimi nilikikuta."

"Hata mimi nilikikuta," mume wangu akasema, na akaivuta miguu yake kutoka kwenye maji.