Makayabo ya Koko na Kopo la Chai

Hata leo, nikisikia harufu ya makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi, ikitoka kwenye sufuria ya jirani, damu inanichemka. Msinicheke, nitawaeleza.

Koko, bibi yangu mzaa mama, alikuwa na tansio, yaani presha ya damu. Kwetu Kisangani kila mtu alijua inaletwa na nini: hasira. Kwa hiyo sisi watoto tulinyata, tukachekea viganjani. Na wakati wa kula, kwa heshima, kipande kikubwa cha makayabo kilikuwa chake, kile chenye chumvi bado inameta pembeni. Kukiosha sana ilikuwa kumnyima mzee utamu, eti! Muuguzi alikuwa amesema wazi: chumvi ipungue, na kidonge kila siku, hata kichwa kisipouma. Tonton Faustin, kaka yake mama, alikuwepo, akasikia kwa masikio yake. Koko alikunywa dawa wiki mbili, kisha vidonge vilivyobaki akavitia ndani ya kopo la chai.

"Kichwa haiume tena," akasema. "Nikunywe dawa ya nini?"

Asubuhi moja, nilipokuwa na miaka tisa, alinituma maji. Nikajibu, "Kila siku ni miye tu?" Akafungua mdomo anikaripie, mdomo ukaenda upande. Akaanguka pale mlangoni.

Tonton alininyooshea kidole mbele ya majirani. "Ni weye! Ulimupandisha koko yako tansio!"

Koko aliishi miaka miwili mingine, mkono wa kuume umekufa, neno halitoki. Nilimlisha kwa kijiko huku nikimwomba msamaha, kila siku, mtoto mdogo vile! Na ndani ya kijiko, makayabo yaleyale.

Nilielewa ukubwani, nilipomsindikiza mama kupimwa. Mama ni mpole, hata kuku hamfukuzi, lakini kipimo kilipanda. Nikabisha: huyu hajawahi kukasirika.

"Tansio haiulize kama mutu iko na hasira," muuguzi akacheka.

Nikakaa kwenye benchi nikalia kwa uchungu na ghadhabu. Miaka yote ile! Na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefungua lile kopo.

Sasa Tonton amezeeka, naye ana tansio, na anaishi kwangu. Makayabo yake nayaloweka tangu jana yake, maji namwaga mara tatu. Kidonge nakiweka kando ya sahani, nasimama hapo mpaka ameze. Juzi nikamwambia, "Tonton, haikuwa miye."

Alimeza. Akaivuta sahani yake.

"Usinipandishe tansio," akasema. "Leta chumvi kidogo."