Kengele ya Mama na Ruta Tano

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa habari za Fundi Antena, bingwa wa amani ya hewani, aliyewapatanisha majirani zake bila tone la damu. Wenye makofi wapige sasa. Baadaye hawatapata nafasi.

Jengo lilikuwa na familia tano, yake ikiwamo, na kila familia ruta yake, kile kisanduku cha kurusha intaneti hewani. Zote aliziweka yeye. Intaneti iliposuasua, kila jirani alimvuta pembeni: "Fundi, yangu iongezee nguvu, ila wenzangu wasijue." Akawaongezea wote. Ruta tano zikawa zinapigiana kelele kwenye chaneli ileile, njia moja ya hewani, kama ndugu kwenye kikao cha mirathi, hakuna anayesikika.

Ingekuwa kichekesho, ila mama yake mgonjwa wa moyo alikaa chumba cha chini, kitufe cha dharura shingoni. Akikibonyeza, kengele inapita hewa hiyohiyo hadi kwenye ruta ya mwanawe juu. Wiki ile alijaribu mara mbili. Kimya.

Fundi akaitisha kikao ngazini.

"Tushushe nguvu wote, tugawane chaneli. Kila mtu atapata chake, na mama atanifikia."

"Maskini mama yetu!" akasema mshonaji. "Mimi leoleo. Lakini huyu mwalimu? Hashushi hata kwa fimbo!"

"Anza wewe, shangazi. Ahadi zako tunazivaa, zinabana makwapani," akajibu mwalimu.

Wakacheka, wakapeana mikono, fundi akashusha zote kwa simu mbele ya macho yao.

Kisha kila mmoja akafunga mlango akapiga hesabu. Wenzangu wakibaki chini nami nikipanda, nafaidi peke yangu. Wakipanda nami nikabaki chini, mimi ndiye bwege. Simu zikatolewa, nguvu zikapandishwa. Hata fundi alipandisha, eti ruta yake imsikie mama vizuri. Ruta ikapata mdomo mkubwa zaidi. Masikio yalibaki yaleyale.

Jumatano saa nane mchana alishuka na dawa. Mama alikuwa sakafuni, mwili umepoa, kidole juu ya kitufe. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, inaita kwa uaminifu.

Baada ya mazishi majirani walijaa ngazini, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa uchungu wa mtu msafi. Mwalimu akakohoa.

"Fundi, wewe una vipimo kwenye simu. Sema, nani alipandisha?"

"Wote."

"Wote wanne?"

"Watano."

"Wewe pia? Lini?"

"Siku ile ya kikao, kabla hamjamaliza kupanda ngazi."